Nani Atamgeuza Saa Nane ya Usiku?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, nilipewa ukurasa huu wa mawaidha ili niandike juu ya kuwatendea wema wazazi. Maneno nilikuwa nayo tayari. Ni yale niliyoyatoa msikitini hapa chuoni mwaka jana baada ya Alasiri, na baadhi yenu mliniomba niyachapishe. Nimeamua kutoyachapisha. Dalili zake zilikuwa sahihi, lakini aliyeyasema alikuwa hajayalipia chochote. Aliyeyalipia ni mtu mwingine, na leo nataka nimtaje, ingawa jina lake hapendi liandikwe.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu wa kike, katika nyumba ya vyumba viwili pale Walukuba, Jinja. Mwaka juzi, mwezi wa Shaaban, alipatwa na kiharusi akiwa anachota maji ya udhu. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakabaki machache. Tulimpeleka hospitali, akakaa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini daktari alituita mimi na mjomba, akatuambia kwa upole kwamba hatari imepita, hakuna dawa nyingine ya kumpa, na kitanda kinahitajika. Hakusema uongo. Kwenye korido kulikuwa na mama mmoja amelala juu ya mkeka, dripu imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha. Nikauliza kama kuna wodi nyingine ambako wagonjwa wa namna hii hukaa. Akasema wodi hiyo ni nyumbani.

Mimi nasomea uuguzi, kwa hiyo hesabu hii ningepaswa kuwa nimeshaifanya mapema. Takwimu za Benki ya Dunia za mwaka 2010 ziliipa Uganda kitanda nusu cha hospitali kwa kila watu 1,000, maana yake kitanda kimoja kwa kila watu 2,000. Na hivyo ni vitanda vya hospitali, ambavyo kazi yake ni kumpokea mtu, kumtibu na kumruhusu aondoke. Kitanda cha mtu asiyepona wala asiyekufa, anayehitaji kulishwa, kuoshwa na kugeuzwa kwa miaka mitatu, minne au kumi, ni kitanda cha aina nyingine kabisa, na katika miji mingi ya nchi yetu kitanda hicho hakiko. Fedha nazo ni kidogo. Posho ya serikali kwa wazee, ile SAGE, wakati ule ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na tangu ilipoenea nchi nzima ilikuwa ikianza mtu akitimiza miaka 80. Bibi alikuwa na 78. Pakiti moja ya pampasi za watu wazima kwenye duka la dawa la mtaani kwetu ilikaribia kuzimaliza fedha hizo zote.

Basi tukarudi nyumbani na tukafanya kikao cha familia. Walikuwepo mjomba, mama mkubwa, shangazi kwa upande wa baba, na majirani wawili wazee. Mjomba akasema, kwa sauti ya mtu anayeona aibu, kwamba amesikia Kampala, kule Nalukolongo, kuna nyumba ya masista wanaotunza wazee wasiojiweza, na labda tungeuliza kama nafasi ipo.

Hapo ndipo niliposimama. Nikawasomea aya ya 23 ya Suratul-Israa, ambayo Mwenyezi Mungu ameamrisha aabudiwe Yeye peke yake na wazazi wawili watendewe wema, akakataza wakifika uzeeni wasiambiwe hata neno dogo la kuchoshwa nao. Nikasema sisi si kama Wazungu, Waislamu hatuwapeleki wazee wetu kwenye majumba, tena kwa watu wa dini nyingine. Shangazi alilia. Jirani mmoja akasema Mashaallah, chuo kimemfundisha. Kikao kilikwisha muda mfupi baadaye, na katika kikao kile hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani atakayemnyanyua Bibi kesho asubuhi.

Siku ya tatu nilipanda basi kurudi Mbale, mitihani ilikuwa imekaribia. Mdogo wangu, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, alikubali kubaki wiki moja tu mpaka tupate mtu. Alibaki mihula miwili.

Kila nilipopiga simu nilimuuliza Bibi anaendeleaje, naye akajibu alhamdulillahi. Nikaridhika na jibu lile, kwa sababu lilikuwa jibu la Kiislamu na lilikuwa fupi. Nilipofika nyumbani likizo harufu ilinipokea mlangoni. Bibi alikuwa na kidonda mgongoni chini, juu ya makalio, kidonda ambacho yai lingeingia ndani yake. Visigino vyote viwili vilikuwa vyeusi. Muhula ule ule, ndugu zangu, nilikuwa nimejibu swali la mtihani juu ya vidonda hivyo hivyo: mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila saa mbili, usiku na mchana, akaguliwe ngozi, awekwe mto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Nilipata alama zote.

Nikaanza kumgombeza mdogo wangu. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Kaka, aya uliisoma wewe, kumgeuza namgeuza mimi. Namgeuza asubuhi, mchana na jioni, na usiku nalala kama maiti. Haya, tangu leo nani atamgeuza saa nane ya usiku?"

Likizo ile nilijifunza saa nane ya usiku ikoje. Kuna jambo jingine nililijua usiku mmoja kati ya hizo, nalo ndilo linaloniuma kuliko kidonda. Nilisikia adhana ya Alfajiri, nikamwambia Bibi nitamsaidia kutayamamu aswali. Akatikisa kichwa. Kwa maneno yake machache alinifahamisha kuwa yeye ni najisi, amevaa pampasi, haswali tena. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikosa Sala alikuwa amelala miezi minane akidhani mlango umefungwa juu yake, na mjukuu wake mtoa mawaidha hakuwahi kumuuliza. Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa na maradhi, alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya Sala, naye akamfundisha aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari, na kila mmoja wetu hapa anaijua. Sheikh wetu alinithibitishia kwamba asiyeweza kujizuia hubadilishwa na kusafishwa kwa kadiri inavyowezekana, kisha huswali hivyo hivyo alivyo. Tulikigeuza kitanda kielekee Kibla. Siku hiyo Bibi aliswali kwa macho na kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

Sasa turudi kwenye aya ile, kwa sababu niliisoma bila kuisikiliza. Wanaosoma Kiarabu watazame jinsi maneno yanavyokwenda. Amri ya kutoabudu ila Mwenyezi Mungu imekuja kwa wingi: ninyi nyote. Ilipofika kwenye uzee, maneno yakahama yakawa ya mtu mmoja: akifikia uzee kwako wewe, usimwambie, mwambie, mwinamie. Neno ni *'indaka*, kwako, mbele yako wewe uliye mmoja. Mimi niliichukua aya iliyosema na mtu mmoja nikaigawa kwa familia nzima, na kitu kinachogawiwa familia nzima bila jina hukutwa mikononi mwa msichana asiyeweza kukataa. Chunguzeni majumbani kwenu. Mzee aliye kitandani mara nyingi analindwa na binti ambaye hajaolewa, au mke wa mwana, au yaya aliyeletwa kutoka kijijini. Wanaosema kwa fahari kwamba wazee hawatoki nyumbani ni sisi wengine.

Najua mtakaloniambia wanaume. Kuna suala la uchi: mwanamume hawezi kumwosha bibi yake kama mwanamke anavyoweza. Ni kweli, na adabu hiyo ilindwe panapokuwa na mwanamke wa kumwosha. Lakini shuka za kufua hazina uchi, wala uji wa kupika, wala maji ya kubeba kutoka bombani. Kumgeuza mgonjwa aliyefunikwa shuka wanafanya watu wawili, mmoja kila upande, na huyo wa pili anaweza kuwa mimi. Nimeona tunavyoitumia hukumu hii, na mara nyingi hatuitumii kumhifadhi bibi, tunaitumia kwenda kulala.

Tazameni waliotutangulia. Imesimuliwa kuwa Umar bin al-Khattab (r.a.), akiwa Khalifa, alionekana na Talha akiingia nyumba moja gizani. Asubuhi Talha akaenda pale, akamkuta ajuza kipofu asiyeweza kusimama. Alipomuuliza mtu yule huja kufanya nini, akajibiwa kwamba kwa muda mrefu amekuwa akimhudumia na kumwondolea uchafu. Amiri wa Waumini, ndugu zangu, na uchafu wa ajuza ambaye si mama yake. Na siku ya kufunguliwa Makka, Abu Bakr (r.a.) alimleta baba yake, Abu Quhafa, mzee kipofu mwenye nywele nyeupe pe, mpaka mbele ya Mtume (s.a.w.). Mtume akasema laiti mzee angeachwa nyumbani kwake, yeye ndiye angemwendea. Siku ya ushindi mkubwa kama ule, bado aliona kwamba anayepaswa kutembea ni mwenye nguvu.

Sasa swali ambalo wengi mnalingoja: je, inafaa kumpeleka mzazi kwenye makazi ya wazee?

Nimewauliza masheikh wawili, na nitasema nilivyofahamu. Kumtupa mzazi ni uasi, awe ametupwa makazini au chumba cha uani. Kumhudumia ni wajibu wa mwana, kwa mikono yake au kwa mali yake, na akishindwa kwa yote mawili kwa udhuru wa kweli, kumtafutia mahali atakapohudumiwa vizuri, kwa ridhaa yake, huku akiendelea kumtembelea na kumlipia, hakumfanyi kuwa muasi. Wote wawili walisisitiza ridhaa ya mzee mwenyewe. Katika kikao chetu Bibi alikuwa chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi, lakini hatukumuuliza.

Na ile kauli yangu kwamba Waislamu hatuna majumba ya wazee si kweli hata kwa jirani zetu. Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, serikali inaendesha makazi ya wazee Sebleni na Welezo kisiwani Unguja, na Limbani kule Pemba. Kisha mwezi Aprili 2016 ikaanza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 za Tanzania kila mwezi, alipo, bila kumwuliza kama alikuwa mwajiriwa. Sidhani kama watu wa Zanzibar wameiacha Suratul-Israa. Wamekubali tu kwamba wapo wazee wasio na watoto, na wapo wenye watoto wasioweza.

Nyumba ile ya Nalukolongo nayo niliisema bila kuijua. Ilianzishwa mwaka 1978 na Kadinali Emmanuel Nsubuga, inaendeshwa na masista, na Papa Francis alipokuja Uganda Novemba 2015 aliitembelea. Ilikuwa ikitunza watu wapatao mia moja, wa kila umri na wa kila dini. Watu mia moja katika jiji la Kampala! Nilijivunia kwamba bibi yangu hatakwenda mahali ambapo kwa hakika huenda hata nafasi asingepata. Na nimekuwa nikijiuliza: ikiwa wanapokelewa watu wa kila dini, mzee wa Kiislamu aliyelazwa katika nyumba kama zile, ni nani humkumbusha kuingia kwa Magharibi? Sisi ambao tunaona haya mzee wetu kulishwa na sista, ni lini mara ya mwisho tulibisha hodi pale tukiwa na msahafu na sabuni?

Jambo jingine nitalisema haraka kwa sababu litawakera baadhi ya wenzangu wa darasa. Uingereza ilifungua mlango wa viza kwa wafanyakazi wa kulea wazee Februari 2022, na ikaufunga kwa waombaji wapya wa nje Julai 2025. Katika miaka ile ni wangapi kati yetu hatukuzungumza habari hiyo bwenini mpaka usiku wa manane? Tulikuwa tayari kumgeuza bibi wa mtu mwingine saa nane ya usiku, kwenye baridi, na tungeiita kazi ya heshima. Sisemi ni vibaya, riziki ni riziki. Ninachosema ni kwamba mikono tunayo.

Waislamu wa zamani hawakuliacha jambo hili kwa huruma ya mtu mmoja mmoja. Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, katika karne ya kwanza ya Hijra, aliwapangia posho wenye ukoma ili wasiombe barabarani, akampa kila kipofu kiongozi na kila kiwete mtumishi. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali yake Cairo, akaiwekea wakfu wa mali yenye mapato ili mgonjwa, awe tajiri au maskini, akae mpaka apone bila kuhesabiwa siku. Nawaomba mzingatie hapo kwenye mapato. Jengo bila mapato litapokea wagonjwa mwaka mmoja kisha litakuwa stoo. Wanaosoma chuo chetu wanaufahamu wakfu kwa macho yao: King Fahd Plaza kule Kampala ni jengo la biashara ambalo kodi yake ni ya kukisaidia chuo. Ardhi ya Kibuli, palipo na msikiti, shule na hospitali, aliitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu. Tunaijua njia. Tumeitumia kwa madarasa na misikiti, wala sioni ubaya katika hilo, ila katika michango yote niliyoiona tangu nifike hapa, sijaona hata mmoja wa kitanda cha mzee.

Sitawaambia tujenge nyumba ya wazee. Sisi ni wanafunzi, wengi wetu hata ada haijaisha. Katika kikao cha jumuiya mwezi uliopita niliomba mambo mawili na nimekubaliwa. La kwanza ni kununua kwa michango kitanda kimoja cha chuma kinachoinuka upande wa kichwa, na godoro moja la upepo, viwe wakfu, viazimwe kwa familia yenye mgonjwa hapa Mbale na virudishwe wakimaliza haja. La pili ni zamu. Sisi wa uuguzi tutakwenda nyumba kwa nyumba, msichana na mwenzake, mvulana na mwenzake, kuwaonyesha watu namna ya kumgeuza mgonjwa, kukagua ngozi, na kumsaidia kuswali. Nusu saa inatosha kufundisha. Mdogo wangu angelifundishwa nusu saa ile, kidonda kile kisingefika pale.

Yeye amerudi chuoni muhula huu. Mjomba anamlipa mama mmoja wa jirani anayekuja mchana, mama mkubwa amechukua usiku wa Jumatatu na Alhamisi, na mwanawe Jumapili. Mimi nashuka Jinja kila Ijumaa baada ya Sala na kurudi Jumapili mchana. Kidonda kimepungua, sasa ukubwa wake ni kama sarafu ya shilingi 500, na ukingoni kina nyama nyekundu safi, jambo ambalo kwa muuguzi ni habari njema sana. Bibi tumemuuliza safari hii. Akasema anataka kubaki Walukuba, lakini akasema pia, na ilimchukua muda kulitoa neno, kwamba mtoto asome. Karatasi ya zamu yetu ya nyumbani imebandikwa ukutani juu ya kitanda chake. Usiku wa Jumanne na wa Jumatano bado haina majina, na kwa sasa anayeamka ni jirani mmoja mzee, yule yule aliyenisifu kikaoni.

Karatasi ya zamu ya jumuiya iko kwa katibu, upande wa wanaume na upande wa wanawake.

Wabillahi tawfiq.